Bibi Eglantyne Jebb: Aliyewalisha Watoto wa Adui

Kila askari aliyepata kupita katika kijiji kilichoguswa na vita anamfahamu mtu mmoja ambaye mafunzo ya uwanja wa gwaride hayatoshi kumweleza. Mtu huyo hana silaha wala sare, hajui mpaka uko wapi, wala hakuulizwa na yeyote kama anautaka ugomvi ule. Husimama kando ya barabara akitazama magari yakipita, na tumbo lake ni tupu. Mtu huyo ni mtoto. Na swali analomwekea askari ni zito kuliko maswali mengi ya vitabuni: je, huyu ni mtoto wa kwetu au ni mtoto wa adui?

Yuko mwanamke mmoja aliyelijibu swali hilo zaidi ya miaka 100 iliyopita. Alikamatwa na polisi na kushtakiwa mahakamani kwa sababu ya jibu lake, na hatimaye jibu lile lile likawa msingi wa sheria ambayo leo inayabana majeshi ya ulimwengu, yakiwamo ya nchi zetu. Jina lake ni Eglantyne Jebb. Hakupata kushika bunduki, hakuolewa, wala hakuzaa mtoto. Hata hivyo, tunaona inafaa maisha yake yajulikane kambini na vituoni, kwa kuwa kazi aliyoifanya kwa huruma aliifanya pia kwa nidhamu, hesabu na mpango, mambo ambayo sisi wa majeshi tunadai kuyafahamu.

KUZALIWA NA MALEZI

Bibi Jebb alizaliwa tarehe 25 Agosti 1876 karibu na mji mdogo wa Ellesmere, katika jimbo la Shropshire, Uingereza. Alikuwa mmoja wa watoto sita. Baba yake alikuwa mwanasheria na mwenye ardhi, na nyumba yao haikujua njaa. Lakini mama yake hakuwa mtu wa kukaa barazani akihesabu mali. Kwa kuona jinsi watu wa vijijini walivyokosa maarifa ya kuwaongezea kipato, alianzisha chama mwaka 1884 ambacho watu wake walijitolea kuwafundisha wanakijiji kazi za mikono, kama vile kuchonga mbao na kusuka. Kwa hiyo tangu utotoni Eglantyne aliona kwamba kumsaidia maskini si kumtupia sarafu, bali ni kumpa ujuzi utakaomwezesha kusimama mwenyewe.

Wakati huo elimu ya juu kwa wasichana ilikuwa bado jambo la kutiliwa shaka hata na wazazi wenye uwezo. Shangazi yake ndiye aliyemtia moyo na kumsaidia, na mwaka 1895 akaingia chuo cha Lady Margaret Hall, Oxford, kusoma historia. Mwaka uliofuata msiba uliwafika: mdogo wake aitwaye Gamul alifariki kwa homa ya mapafu akiwa bado mwanafunzi wa shule. Kifo hicho kilimuumiza sana, na wanaosimulia habari zake wanaona kwamba tangu hapo alianza kujiuliza kwa uzito zaidi maisha yake yatumike kwa kazi gani.

MWALIMU ALIYECHOKA

Alipomaliza masomo mwaka 1898 alifanya jambo lililowashangaza watu wa tabaka lake. Badala ya kurudi nyumbani kungoja mchumba, alikwenda kusomea ualimu, kisha akafundisha katika shule ya msingi ya watoto wa watu wa kawaida katika mji wa Marlborough. Hapo alikutana na madarasa yaliyojaa na watoto waliokuja shuleni bila chakula cha kutosha.

Hapa hatuna budi kusema jambo ambalo waandishi wa sifa hupenda kulificha. Bibi Jebb hakuwa mwalimu hodari, na hakuwa mtu wa kubembeleza watoto. Yeye mwenyewe aliungama kwa watu wake wa karibu kwamba hakujaliwa kipaji cha kukaa nao, na kwamba kelele zao zilimchosha. Afya yake haikuwa na nguvu, na baada ya muda mfupi aliacha kazi hiyo. Kwa hiyo mtu aliyekuja kuokoa maisha ya maelfu kwa maelfu ya watoto hakuvutwa na uchangamfu wao wala nyuso zao. Alisukumwa na wajibu. Askari hatashindwa kulielewa jambo hili, maana naye hatimizi zamu yake ya usiku kwa sababu anaipenda baridi.

Kutoka hapo alihamia Cambridge kuishi na mama yake aliyekuwa mjane, na huko akapata kazi iliyomfaa. Alijiunga na chama cha kuratibu misaada kwa maskini, akaanza kuuchunguza mji ule kwa makini: makazi, afya, ulevi, ajira na elimu ya vijana. Matokeo ya uchunguzi huo aliyachapa katika kitabu mwaka 1906. Kadhalika alishiriki kuendesha ofisi ya kuwatafutia vijana kazi walipotoka shuleni. Katika miaka hiyo alijifunza kanuni ambayo hakuiacha hadi kufa: mwenye kutaka kusaidia sharti kwanza aende akaone, ahesabu, aandike, kisha ndipo atende. Jeshini kazi ya namna hiyo huitwa upelelezi, na hakuna kamanda anayepeleka kikosi mbele bila kuwa nao.

MAKEDONIA, 1913

Mwaka 1912 vita vililipuka katika nchi za Balkani, na mapema mwaka 1913 Bibi Jebb alisafiri hadi Makedonia kupeleka fedha za msaada zilizochangwa Uingereza. Huko ndiko alikoona vita kwa macho yake kwa mara ya kwanza. Aliwakuta wakimbizi waliochomewa vijiji vyao, wakiwamo Waislamu waliofukuzwa na majeshi ya Wakristo, na akatambua kwamba kila upande ulikuwa na mashahidi wa kuapa kwamba upande wa pili ndio wenye unyama.

Alirudi na fikira mbili. Ya kwanza ni kwamba mgawo wa chakula na blanketi, ingawa ni wa lazima, haumwinui mtu. Aliyepoteza shamba na ng'ombe anahitaji kurudishiwa uwezo wa kulima. Ya pili ni kwamba chuki ya taifa kwa taifa huendelea kuua hata baada ya risasi kukoma. Fikira hizi mbili zilikaa moyoni mwake miaka sita, zikingojea wakati wake.

MAGAZETI YA UPANDE WA PILI

Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza mwaka 1914, Waingereza walisomewa habari za upande mmoja tu, kama ilivyo desturi ya mataifa yote yaliyo vitani. Dorothy Buxton, mdogo wake Bibi Jebb aliyekuwa mke wa mbunge wa zamani, aliomba na kupata kibali cha serikali cha kuingiza magazeti ya nchi za kigeni, yakiwamo ya adui. Tangu mwaka 1915 yeye na wasaidizi wake walitafsiri sehemu za magazeti hayo na kuzichapa kila wiki katika jarida la Cambridge. Bibi Jebb alikuwa mmoja wa waliofanya kazi hiyo.

Katika kutafsiri huko dada hao wawili waliona jambo ambalo wasomaji wa kawaida hawakuliona. Manowari za Uingereza zilikuwa zimeizingira bahari ili chakula na bidhaa zisiingie Ujerumani na Austria. Silaha hiyo ilikuwa na shabaha ya kuyadhoofisha majeshi ya adui. Lakini askari wa adui ndiye aliyekuwa wa kwanza kupewa posho katika nchi yake, na waliobaki bila kitu walikuwa wazee, wagonjwa na watoto. Habari kutoka Berlin na Vienna zilieleza juu ya watoto waliopinda mifupa kwa kukosa lishe, na juu ya kifua kikuu kilichoenea.

BUNDUKI ZILINYAMAZA, NJAA IKAENDELEA

Mkataba wa kusimamisha mapigano ulitiwa saini tarehe 11 Novemba 1918. Wengi hudhani kwamba siku hiyo mateso yalikoma. Ukweli ni kwamba mzingiro wa bahari haukuondolewa. Serikali zilizoshinda ziliubakiza kuwa chombo cha kuilazimisha Ujerumani ikubali masharti ya amani, nao haukuondolewa rasmi hadi Julai 1919.

Kuna tukio la wakati huo ambalo kila askari angefaa kulijua. Jenerali Herbert Plumer, aliyeamuru majeshi ya Uingereza yaliyokalia eneo la mto Rhine, alipeleka taarifa kwa wakuu wake mwezi Machi 1919 akiomba chakula kipelekwe Ujerumani. Alieleza kwamba askari wake, watu walewale waliopigana na Wajerumani miaka minne katika mahandaki, hawakuweza tena kuvumilia kuwatazama watoto wenye njaa wakizunguka kambi zao. Taarifa hiyo ilisomwa mbele ya wakuu wa mataifa waliokutana Paris, na mwezi huo huo yakafikiwa makubaliano ya kuruhusu chakula kiingie kwa masharti. Hivyo askari aliyekuwa karibu na adui aliuona ubinadamu wake mapema kuliko raia aliyekaa mbali akisoma gazeti.

Kule nyumbani hali ilikuwa nyingine. Mwanzoni mwa mwaka 1919 Bibi Jebb, Dorothy na wenzao waliunda baraza la kupigana na njaa, nalo likaitaka serikali iondoe mzingiro. Watu wengi waliwaona wasaliti. Nyumba nyingi za Uingereza zilikuwa na kiti kitupu cha kijana aliyeuawa, na kwa mama aliyempoteza mwanawe, kuambiwa amhurumie mtoto wa Mjerumani ilikuwa sawa na kutiwa chumvi kidondani. Hatuwezi kuwalaumu kwa wepesi. Uchungu wao ulikuwa wa kweli.

MBELE YA HAKIMU

Mwezi Aprili 1919 Bibi Jebb alisimama katika uwanja wa Trafalgar Square, London, akigawa vikaratasi vyenye picha ya mtoto wa Austria mwenye kichwa kikubwa na viungo vilivyokonda kama vijiti. Maneno yaliyoandikwa yalieleza kwamba mzingiro wa Uingereza ndio uliomfikisha mtoto huyo katika hali ile. Sheria ya ulinzi wa nchi iliyotungwa wakati wa vita ilikuwa bado inatumika, nayo ilitaka maandishi ya namna hiyo yapitishwe kwanza kwa wakaguzi wa habari. Hakufanya hivyo, na polisi wakamkamata.

Mashtaka yalisikilizwa mwezi Mei. Bibi Jebb alijitetea mwenyewe. Hakuficha kwamba sheria aliivunja. Alishikilia tu kwamba jambo alilolisema lilikuwa la utu na si la siasa. Mwendesha mashtaka alikuwa Sir Archibald Bodkin, mtu mashuhuri kwa ukali wake. Mahakama ilimwona na hatia na kumtoza faini ya pauni 5, adhabu ndogo sana kwa kosa ambalo lingeweza kumpeleka gerezani.

Inasimuliwa kwamba kesi ilipokwisha, Bodkin alimwendea Bibi Jebb na kumkabidhi noti ya pauni 5 kutoka mfukoni mwake. Alikuwa ametimiza wajibu wake kwa serikali, na sasa alitimiza wajibu mwingine. Fedha hizo zilikuja kuhesabiwa kuwa miongoni mwa michango ya kwanza ya mfuko uliokuwa unazaliwa. Askari polisi wanaosoma ukurasa huu watalifahamu fundisho lake. Mtu aweza kuitekeleza sheria kikamilifu bila kuuzima moyo wake.

MFUKO WAZALIWA

Tarehe 19 Mei 1919, siku chache tu baada ya hukumu, mkutano wa hadhara uliitishwa katika ukumbi wa Royal Albert Hall. Ukumbi ulijaa. Wengine walikuja kuunga mkono, lakini wengine, kama inavyosimuliwa, walikuja na matunda yaliyooza mifukoni ili wawarushie wasaliti. Bibi Jebb alianza kusema kwa sauti ndogo yenye kusitasita, kisha ikapata nguvu. Aliwauliza watu wale kama kweli inawezekana, hali chakula kipo duniani, kuwatazama watoto wakifa kwa njaa bila kunyosha mkono. Ukumbi ulitulia, na badala ya matunda yaliyooza ikatolewa michango. Hapo ndipo ulipozaliwa mfuko wa Save the Children, yaani wa kuokoa watoto.

Watu wa namna mbalimbali waliuunga mkono. Wachimba makaa ya mawe, chini ya kiongozi wao Robert Smillie, walichanga ingawa wao wenyewe walikuwa maskini. Papa Benedikto wa 15 alimpokea Bibi Jebb, na akayaagiza makanisa ya Kikatoliki duniani yakusanye sadaka siku ya Watoto Mashahidi, tarehe 28 Desemba 1919. Kanisa la Uingereza, ambalo awali lilisitasita, nalo likafanya vivyo hivyo siku ile ile. Mwezi Januari 1920 ukaundwa muungano wa kimataifa wa vyama vya kuokoa watoto, makao yake yakiwa Geneva, Uswisi.

Bibi Jebb hakuamini kwamba nia njema inatosha. Alitaka wataalamu wa matangazo, hesabu zilizokaguliwa, na taarifa kutoka kila kituo. Kuna waliomlaumu kwa kutumia fedha za hisani kununua nafasi kubwa magazetini. Yeye aliona kwamba kuendesha msaada kwa uzembe ni dhambi kubwa zaidi, kwani anayelipia uzembe huo ni mtoto.

NJAA YA URUSI

Mtihani mkubwa ulikuja mwaka 1921. Katika bonde la mto Volga nchini Urusi ukame ulikuja juu ya vita vya wenyewe kwa wenyewe na juu ya nafaka iliyochukuliwa kwa nguvu na watawala. Watu wapatao milioni 5 walikufa kwa njaa na maradhi yake. Waingereza wengi waliichukia serikali ya Wabolsheviki, na baadhi ya magazeti yakaandika kwamba kulisha watoto wa Urusi ni kuisaidia serikali hiyo, na kwamba hisani haina budi kuanzia nyumbani.

Bibi Jebb hakubishana sana, alipakia meli. Mwezi Septemba 1921 meli iitwayo Torcello iling'oa nanga London ikiwa na yapata tani 600 za chakula na vifaa. Mfuko ulifanya mji wa Saratov kuwa makao yake, ukafungua majiko ya kugawia chakula mjini na vijijini, chini ya mpango mkubwa ulioongozwa na mvumbuzi wa Kinorwe, Fridtjof Nansen. Wakati kazi ilipofikia kilele, watoto wapatao 300,000 walikuwa wakilishwa. Ili kuwajibu waliosema njaa ile ni uongo, mfuko ulimtuma mpiga picha akachukua filamu, nayo ikaonyeshwa katika kumbi za Uingereza.

Tuwaombe wasomaji wetu walitafakari jambo hilo kwa macho ya afisa wa ugavi. Chakula kiende melini, kitoke melini hadi kwenye reli zilizoharibiwa na vita, kitoke relini hadi kwenye mikokoteni katika theluji, kisha kimfikie mtoto aliye kijijini bila kuibwa njiani. Kazi kama hiyo haifanywi kwa machozi. Hufanywa kwa orodha, kwa uaminifu na kwa amri inayoeleweka.

Wala watoto wa nyumbani hawakusahauliwa. Mgomo wa wachimba makaa ulipoleta dhiki mwaka 1926, mfuko uliwasaidia watoto wa familia zile zile ambazo miaka saba nyuma zilikuwa zimetoa senti zao kwa ajili ya watoto wa mbali. Na nchini Bulgaria mfuko ulisaidia kujenga kijiji cha wakimbizi kiitwacho Atolovo, ili watu wapate ardhi na waache kungoja mgawo. Fikira aliyorudi nayo kutoka Makedonia ilikuwa imepata nyumba na mashamba.

AZIMIO LA GENEVA

Mara kwa mara Bibi Jebb alipanda mlima Salève ulio karibu na Geneva. Inasimuliwa kwamba ni huko alikoandika, kwa maneno machache ambayo hata mtu asiye na elimu kubwa angeweza kuyaelewa, mambo matano ambayo watu wazima wote wanawiwa na kila mtoto. Kwa kifupi ni haya. Mtoto apewe mahitaji ya kukua kimwili na kiroho. Mwenye njaa alishwe, mgonjwa auguzwe, aliyebaki nyuma asaidiwe, aliyepotoka arejeshwe, na yatima apewe makao. Wakati wa maafa mtoto awe wa kwanza kupata msaada. Mtoto aandaliwe kujitegemea, na alindwe asinyonywe. Na hatimaye alelewe akijua kwamba vipaji vyake ni vya kuwatumikia binadamu wenzake. Tena mambo haya yawe kwa kila mtoto, pasipo kujali kabila, taifa wala dini yake.

Jambo la tano hutajwa mara chache, nasi tunaona ndilo linaloonyesha upana wa fikira zake. Mtoto hakuonekana kuwa mwombaji wa milele, bali mtumishi wa kesho. Muungano wa Geneva uliyakubali mambo hayo mwaka 1923, na tarehe 26 Septemba 1924 Shirikisho la Mataifa, lililoutangulia Umoja wa Mataifa, likayapitisha kuwa azimio lake.

Nguvu za mwili wake zilikuwa zinakwisha. Kwa miaka mingi alikuwa ameteswa na ugonjwa wa tezi ya shingo, na nywele zake zilikuwa nyeupe kabla ya wakati. Alifariki Geneva tarehe 17 Desemba 1928, akiwa na umri wa miaka 52, akazikwa huko huko. Mwaka 2024 mji wa Geneva uliyahamishia mabaki yake katika makaburi ya watu wake mashuhuri.

MBEGU ILIYOFIKA AFRIKA

Katika miaka yake ya mwisho Bibi Jebb alitaka kazi ivuke mipaka ya Ulaya. Mwezi Juni 1931, miaka miwili na nusu baada ya kifo chake, muungano aliouanzisha uliitisha mkutano Geneva juu ya watoto wa Afrika, ukajadili vifo vya watoto wachanga, elimu na kazi za watoto. Ni haki kueleza pia kasoro yake: Waafrika waliohudhuria walikuwa wachache mno, na mengi yalisemwa juu yetu bila sisi kuwapo. Hilo lilikwenda kinyume cha kanuni ya marehemu ya kwenda kwanza kuona na kusikia.

Lakini mbegu iliota. Mwaka 1959 mjini Nairobi kilianzishwa kituo cha Starehe kwa ajili ya wavulana yatima na wasio na makao, kikianza na vibanda viwili vya mabati, na Save the Children ilikuwa miongoni mwa walioshika mkono kazi hiyo. Mwanzilishi wake, Geoffrey Griffin, aliyezaliwa Eldoret, alikuwa ameacha kazi ya uofisa katika King's African Rifles baada ya kuyaona mambo ya wakati wa hali ya hatari. Alishirikiana na Geoffrey Geturo na Joseph Gikubu, na huyu Gikubu alikuwa amepata kuwekwa kizuizini katika wakati ule ule. Ofisa wa zamani na mahabusu wa zamani walikaa meza moja kwa ajili ya watoto. Kituo kile kilikuja kuwa shule yenye sifa kubwa katika Afrika Mashariki.

Na yale mambo matano yaliendelea kukua. Umoja wa Mataifa ulitoa tamko la haki za mtoto mwaka 1959, kisha mkataba kamili tarehe 20 Novemba 1989. Mwaka 1990 nchi za Afrika zilipitisha mkataba wao wenyewe, unaomtambua kuwa mtoto kila aliye chini ya miaka 18, na unaokataza asiandikishwe jeshini wala kupelekwa vitani. Mwezi Machi 2012 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilitoa hukumu yake ya kwanza kabisa, ikimtia hatiani Thomas Lubanga kwa kuwaandikisha na kuwatumia watoto wa chini ya miaka 15 katika mapigano ya Ituri, mashariki ya Kongo. Jambo lililoanza kwa vikaratasi na faini ya pauni 5 lilikuwa limekuwa kosa la kumfunga kamanda gerezani.

KWA WANAOJITOLEA LEO

Siku hizi watu wengi hujitolea kusaidia shule za vijijini na vituo vya yatima katika nchi zetu. Wapo wageni wanaovuka bahari, na wapo wenyeji, pamoja na vikosi vya askari vinavyojenga madarasa. Kazi hiyo ni ya heshima. Lakini maisha ya Bibi Jebb yanatuonya kwamba moyo mwema usio na uchunguzi waweza kudhuru. Imekwisha kubainika kwamba watoto wengi waliomo katika vituo vya yatima ulimwenguni wana mzazi angalau mmoja aliye hai. Umaskini ndio uliowatenga, na pengine hata tamaa ya wanaovuna michango. Mwezi Desemba 2019 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilizitaka serikali zichukue hatua juu ya madhara hayo. Anayetaka kumsaidia mtoto na aulize kwanza: ndugu zake wako wapi, shule yake inakosa nini, na mimi nikiondoka nani atabaki naye?

Ndugu askari na polisi, hatukuandika haya ili kumfanya mtu awe malaika. Bibi Jebb alikuwa mgonjwa, mwalimu aliyeshindwa, na mtu asiyependa kelele za watoto. Alichokuwa nacho ni uthabiti wa kutazama jambo kama lilivyo na kutenda alilolazimika kutenda, hata pale watu wake mwenyewe walipomwita msaliti. Alikuta dunia ikiuliza mtoto huyu ni wa nani, na alipokufa aliiachia dunia swali jingine: mtoto huyu amekula?

Mmoja wetu akisimama kesho kwenye kizuizi cha barabara, au akiingia katika kijiji kilichohamwa, atamkuta mtoto yule yule amesimama pale pale. Basi tumuulize swali hilo la pili.